Maji Uliyokwisha Kunywa

Balambala, usiku wa kuamkia safari yako

Hooyo Sahra,

Sanduku lako la shule nimelifunga kamba, na ufunguo umeshonewa kwenye pindo la gauni la kijani. Sitakuandikia habari za sabuni, wala za nywele, wala za kukaa mbali na wasichana wenye maneno mengi. Shangazi zako wamekuambia hayo wiki nzima mpaka ukawa unaitikia kabla hawajamaliza. Ninayoandika hapa hakuna aliyekuambia, kwa sababu ni yangu mimi kuyasema, na nimechelewa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa lugha yetu sikufundishwa kuiandika, wala simjui aliyefundishwa. Kiswahili changu ni cha darasa la nne, kikaongezewa na cha sokoni na cha kusubiri kwenye mabenchi ya maofisi. Nikikosea usicheke, au cheka ukishafika. Labda ni afadhali hivyo. Kwa lugha yetu mimi na wewe tunaitana jina moja, hooyo kwa hooyo, mama kwa mama. Sijui ningemwambiaje mtu ninayemwita mama kwamba nilimdhulumu.

Jana ulirudi kutoka mtoni na ndoo kichwani, jua likiwa kali vile. Ukajaza mtungi wa nyumbani, ukampelekea jirani, ukawanywesha mbuzi. Midomo yako ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Nilikaa pale mlangoni nikingoja uchote kikombe chako, au uniambie nikupe. Hukuchota, hukusema. Kaka yangu, abti Hassan, akakuuliza kama una kiu, ukasema hapana, ukatazama chini.

Watu hapa wanakusifu. Wanasema binti yako ana adabu, haombi kitu. Mimi nikisikia sifa hiyo natafuta kazi ya kunitoa pale. Tangu siku ile ya gari hujamwomba mtu maji. Ukipewa unakunywa, usipopewa unakaa. Na usingizini nakusikia. Unasema, abti, basi, sitaki tena. Nimekuwa nikilala karibu na maneno hayo kwa miaka miwili na kujifanya sijui yanatoka wapi.

Najua yanatoka wapi. Niliyaweka mimi.

Siku ile unaikumbuka vipande vipande, na vipande vingine si vyako. Acha nikupangie yote, hata unayoyajua.

Tulikuwa Garissa bado, na kibanda chetu cha chai kilikuwa kinatulisha. Baba yako alikuwa ameshakufa kwa homa, wewe huna hata picha yake kichwani. Habari ikatufikia kwamba ayeeyo yako yuko huku Balambala na hali chakula, hatambui watu. Malori yalikuwa yamezuiwa kwa sababu ya vita. Barabara ilikuwa ikifunguliwa na kufungwa kama mlango usio na komeo. Nilikwenda kwenye ofisi ya serikali nikapata kibali cha siku moja, nimtoe mama yangu nimpeleke hospitali, turudi kabla ya kafyu. Kibali nilikipata, gari sikuwa nalo.

Mzee Awadh, mwenye duka la vitambaa, alikuwa na Landrova aliyokuwa akiwakodisha wanunuzi wa ng'ombe. Abti Hassan alikuwa ameendesha magari ya watengeneza barabara, hivyo dereva nilikuwa naye nyumbani. Mzee Awadh alinipa chai kwanza, kwa heshima, kisha akanieleza. Kodi ni ya siku, na siku inaisha magharibi. Gari likilala nje, hata kama ni kwa sababu ya Mungu, inaandikwa siku ya pili. Halafu akauliza kama nataka na bima. Nikiongeza kidogo juu ya kodi, nikigonga kitu, wako watu watakaolipa badala yangu.

Nikamuuliza hao watu ni ukoo gani.

Karani wake alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Mzee Awadh hakucheka. Akasema, "Ni watu wa Nairobi, mama. Hawana ukoo. Wana karatasi."

Nami nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Kwetu mtu akimuua mwenzake kwa bahati mbaya halipi peke yake. Ukoo unachanga, wa karibu na wa mbali, hata binamu usiyemjua sura. Ndiyo mag, na ndiyo sababu hakuna mtu wetu anayetembea peke yake hapa duniani. Nikajisemea, kumbe na watu wa Nairobi wanayo, wanachangiana. Nikatoa zile shilingi kwa furaha kama mtu aliyejiunga na ukoo wa pili. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, imeandikwa mbele na nyuma. Karani alinisomea ya mbele, nikatia sahihi. Niliona fahari kwamba sikuweka dole gumba.

Tulikwenda vizuri. Unakumbuka twiga? Walikuwa wanne au watano, wamesimama kando ya njia wanatutazama, na ukawasalimia kwa Kiswahili cha shule, habari za asubuhi. Abti Hassan akakujibu kwa sauti nyembamba kwa niaba yao. Alikuwa mtu wa kucheka wakati ule. Tulimkuta ayeeyo amebaki mifupa na macho, tukamlaza nyuma juu ya godoro, tukageuza.

Kurudi ndiko unakokuota.

Uliketi kati yetu mbele. Ulikuwa na miaka kumi na moja lakini mwili mdogo, magoti yako yalikuwa yakigonga ule mti wa gia, na abti yako akikutania kwamba unaendesha wewe. Uliomba maji. Hiyo ni kweli, uliomba. Lakini sikiliza, Sahra. Abti Hassan alisimamisha gari. Alisimama kabisa, akateremka, akatoa chupa nyuma akampa ayeeyo kwanza, kisha akakupa wewe. Ukanywa mpaka ukapumua. Ukaomba ubaki na chupa, akakuachia. Tukaondoka, naye akaanza ule wimbo wa kunyweshea ngamia kisimani, ule mrefu usio na mwisho, na kabla hajafika popote ulikuwa umelala. Kichwa mapajani mwangu, chupa kifuani, kizibo hukukikaza.

Ulilala. Neno hilo ndilo nililokalia miaka miwili. Ulikuwa umelala, hooyo. Uzito wa kichwa chako ninao hapa mapajani hata sasa.

Aliyekuwa macho ni mimi. Nilikuwa nalitazama jua. Njia siku hiyo ilikuwa na watu wengi, kwa sababu amri ilikuwa imetoka kwamba kila mtu ahamie kwenye vijiji vya seng'enge, na atakayekutwa porini baada ya siku iliyotajwa atahesabiwa shifta, mwasi wa kupigwa risasi. Familia zilikuwa zikihama na kila kitu. Abti Hassan alikuwa akienda polepole. Nikamgusa bega nikamwambia, "Ongeza, walaal. Gari likilala nje Awadh atatuandikia siku ya pili."

Akasema njia ina watu.

Nikasema tena, "Ongeza."

Akaacha kuimba. Akaongeza.

Kafyu nilikuwa naiogopa pia, usinielewe vibaya. Kila mtu alikuwa akiiogopa, waliokutwa nje walipigwa risasi kabla ya kuulizwa jina. Ningeweza kusema niliwaogopa askari, na watu wote wangenielewa. Lakini si askari niliowataja. Nilitaja siku ya pili ya kodi. Maneno yaliyonitoka mdomoni ndiyo hayo, na mtu hujulikana kwa kinachomtoka anapoharakisha.

Mnapofika lile bonde la mchanga njia inashuka ghafla, huoni chini mpaka umeshashuka. Chini kulikuwa na ngamia amebeba nyumba. Umewaona maisha yako yote, ile miti iliyopinda imefungwa ubavuni huku na huku, mikeka juu, vyungu juu ya mikeka. Mbele ya ngamia alikuwa mwanamke ameshika kamba, mtoto mgongoni. Gari lilimkuta ngamia, ngamia akaanguka upande wake, na ile miti yote na ule mzigo wote vikamwangukia yeye. Mtoto alirushwa kwenye mchanga laini akawa analia. Mama yake hakulia.

Aliitwa Dahabo. Alikuwa rika langu. Alikufa chini ya nyumba yake mwenyewe, nyumba aliyoifungua asubuhi ile kwa mikono yake kwa sababu ya amri.

Wewe uliamshwa na mshindo. Ulipofungua macho chupa ilikuwa tupu na gauni lako limelowa, na abti yako amekugeukia, anakutazama. Alikuwa anatazama kama u hai. Wewe uliona tu mtu mzima aliyegeuka kutoka barabarani na chupa mikononi mwako. Hukuuliza. Mtoto wa miaka kumi na moja atauliza nini pale.

Mumewe, Nur, alikuwa nyuma na mbuzi. Alikuja mbio. Abti Hassan akateremka akamwendea, mikono wazi, akajitaja jina, jina la baba yake na la babu yake, mpaka ukoo. Akasema, "Nimemuua mkeo. Sikimbii." Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Damu ikimwagika unakwenda wewe mwenyewe, kabla hawajaja kukutafuta, unajitaja, ili wazee wako na wazee wake wapate mahali pa kuanzia kuongea. Doria ya askari ilifika wakati ule ule. Koplo akasikia, akaandika.

Hilo la kwenda kwa Nur silijutii. Nataka ulijue wazi, kwa sababu nitakuambia lilichotugharimu na usije ukadhani nakufundisha kukaa kimya.

Ayeeyo alifikishwa Garissa kwa gari la askari, akapona kiasi. Landrova ililala bondeni. Sasa sikia jinsi mtu anavyoandikiwa. Mzee Awadh aliandika siku ya pili, kama alivyosema. Kisha akaandika kila siku gari lilipokaa bondeni, na kila siku lilipokaa kwa fundi, maana lingekuwa linakodishwa. Akaandika lori lililokwenda kulivuta, na mafuta ya askari waliolisindikiza lori, na kioo, na pua ya gari yote, na matairi mawili yaliyoibwa usiku ule. Akaandika na gharama ya barua zilizoandikwa kunieleza gharama. Nilimwambia, lakini nililipia bima. Akasema kweli, ngoja watu wa bima waje, yeye mwenyewe anawangoja.

Wote wawili tulikuwa tunawangoja. Mimi nilitandika mkeka mpya. Nilidhani watakuja wazee.

Akaja kijana mmoja na msafara wa kutoka Nairobi, viatu vimejaa vumbi, mpole, anaumwa tumbo kwa maji yetu. Tulikwenda kumwona kwenye chumba cha nyuma cha duka la Awadh, wewe nikakuchukua kwa sababu sikuwa na wa kukuachia. Uliketi kwenye benchi, miguu haifiki chini. Kijana akasoma maandishi ya koplo, kisha akachukua ile karatasi yangu akaigeuza.

Upande wa nyuma, ambao karani hakunisomea, kulikuwa na mistari midogo. Aliyekodi gari au dereva wake asikiri kosa kwa mtu aliyeumizwa wala kwa jamaa zake mpaka wenye bima waseme. Akikiri, hawamjui. Akanionyesha kwa kidole, kisha akanionyesha kwenye karatasi ya koplo maneno ya abti yako, nimemuua mkeo, sikimbii.

"Mngekaa kimya, mama," akasema.

"Mtu amekufa. Tungekaaje kimya?"

"Kimya ndicho mlichotilia sahihi."

Hakusema kwa ubaya. Nafikiri alitaka kunisaidia, na hapo ndipo nilipoanguka, kwenye msaada wake. Alisema labda upo mlango mdogo. Kama kuna kitu kilimshtua dereva, kitu kisichokuwa kosa lake wala langu, angeweza kuwaandikia wakubwa wake waangalie tena. Mnyama, au jiwe. Akakutazama kwenye benchi. Au mtoto, akasema, watoto husumbua kwenye gari.

Nikakutazama na mimi. Nilifikiria kibanda, na mashine ya kushonea, na ayeeyo hospitalini. Nikasema, "Aliomba maji. Dereva akageuka kumpa."

Akaandika. Kisha, maskini, akakuuliza wewe kama ni kweli.

Hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi. Ulikuwa unajua ulikuwa umelala, niliona unajua, na niliona ujuzi ule unakutoka usoni kama maji yanavyozama mchangani. Mama yako amesema ulikuwa macho. Ukakubali kwa kichwa.

Sikukupiga siku ile wala sikukukaripia. Nilikununulia halua tukirudi. Hukuila, uliishika mkononi mpaka ikayeyuka.

Ayeeyo nilimweleza nikidhani atanionea huruma. Alikuwa amelala kwenye gari lile lile, nyuma, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa. Alikuwa amesikia wimbo, amesikia wimbo ukikatika, amenisikia mimi. Akaniambia, "Mrudishie mtoto usingizi wake." Alikuwa akinirudia hivyo kila nilipompelekea uji. Mwisho akawa hasemi neno lingine nikiingia ila hilo. Nilimjibu, nitamrudishia, mama, mambo yakitulia. Akafa mvua zilipoanza, na mambo hayakuwa yametulia.

Jibu kutoka Nairobi lilikuja baada ya muda mrefu. Lilikuwa hapana. Nilikuwa nimekuuza, na hata bei sikupata.

Kwa hiyo kibanda kikaenda, na mashine, na bangili za arusi, na mbuzi wako mwenye sikio moja uliyelia kwa ajili yake. Tukahamia huku kwa abti yako, aliyekuwa ametutangulia, ndani ya seng'enge, kwenye shamba hili dogo la mahindi na ndizi. Ulidhani umetufukuzisha Garissa wewe. Ulikuwa ukiamka alfajiri kabla yangu kuchota maji, bila kuambiwa, na mimi nilikuwa nimechoka, Mungu anajua nilivyokuwa nimechoka, nikakuachia uchote.

Na watu wa Dahabo? Wao walikaa. Wazee wetu na wao, siku mbili, na chai yetu. Mag ya mwanamke ni ngamia wengi, na vita vilikuwa vimekula ngamia wa pande zote mbili. Watu wetu walileta waliobaki, wengine wamekonda hata kusimama ni taabu. Nur alichagua wachache wa maziwa kwa ajili ya mtoto, wengine akawasamehe mbele ya mashahidi. Wanawake hatuketi kwenye vikao hivyo. Aliyenieleza ni abti yako. Alisema Nur aliuliza swali moja tu siku zote mbili.

"Mlikuwa mnakimbilia nini?"

Abti Hassan akamjibu, "Jua."

Kisha abti yako akaniambia mimi, pembeni, kwamba habari ya siku ya pili ya kodi hakuitaja. Ingemuumiza mtu yule bure, akasema. Tangu hapo hatujaliongea tena, mimi na yeye. Lakini mimi nalijua. Jirani akifungua nyumba yake kuhama, ile miti ikigongana wakati wa kufungwa juu ya ngamia, natoka, nakwenda mtoni hata kama sina ndoo. Kwenye foleni ya maji kuna siku namwona mwanamke mbele yangu anajifuta uso kwa pembe ya shuka, na najua ni yeye, na nangoja ageuke. Hageuki kamwe. Nafikiri anajua mimi niko nyuma yake, na hana haraka.

Yule mtoto wake unamjua. Ndiye Idil, anayeletwa na shangazi yake kucheza hapa kwetu, anayependa kushika vitu vyako. Kila akiingia wewe unatoka. Shangazi yake aliniuliza mara moja kama Idil amekukosea nini. Nikammiminia chai.

Abti Hassan haimbi tena, hilo pia umeliona. Unadhani amekukasirikia. Hakukasirikii. Aliacha kuimba mimi nilipomgusa bega, na hakupata tena mahali pa kuanzia. Leseni yake waliichukua, lakini hata wangemrudishia asingeendesha. Sasa anabeba maji kwa punda, na punda hajui kwenda haraka, na nafikiri ndiyo sababu anampenda.

Huko unakokwenda watu wa hapa wanasema unakwenda Kenya, kana kwamba hapa ni nje. Utakutana na karatasi nyingi. Ukipewa ya kutia sahihi, igeuze kwanza, na mtu akikuharakisha muulize anakimbilia nini. Lakini siku utakapomuumiza mtu, na siku hiyo itakuja kwa namna yake, nenda kwake wewe mwenyewe na ujitaje, hata kama upande wa nyuma umeandikwa kimya. Tulipoteza kila kitu kwa kusema kweli kwa Nur, na kwa hilo nalala. Nisichokilalia ni kile kidogo nilichosema kwenye chumba cha nyuma cha duka. Sikuambii hutasema uongo kamwe, mimi si malaika wa kukuambia hivyo. Nakuambia usimvike mtu uongo asioweza kuuvua mwenyewe. Mtoto hawezi kuvua alichovikwa na mama yake. Ndiyo maana naja kukuvua mimi.

Sikuombi unisamehe kesho. Lori litakuwa limejaa, na msamaha wa haraka haraka sina kazi nao. Chukua muda wako. Ukikasirika, niandikie hasira yako kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, nitaisoma yote, mbele na nyuma.

Nitakupa karatasi hizi alfajiri, malori yakiwa yanasubiri msafara ukusanyike. Zisome pale pale, kabla hamjaondoka. Mtafika lile bonde jua likiwa bado la asubuhi. Miti ya ile nyumba ipo hadi leo, imerundikwa kando, hakuna aliyetaka kuijengea, na mchwa wameila. Kaburi liko upande wa mto, lina mawe meupe. Usifumbe macho. Msomee Fatiha, umtaje kwa jina lake.

Abti Hassan anakusindikiza mpaka Garissa. Ameomba mwenyewe, na hajapita njia ile tangu siku ile. Leo jioni nilimweleza nakuandikia nini. Aliingia ndani akatoa ile chupa, ile ile, akaichongea kizibo kipya, akaenda mtoni kuijaza. Itakuwa kati ya miguu yake.

Mkishapanda kutoka bondeni, mgeukie umwombe maji. Usingoje akupe. Mwombe kwa sauti, lori zima lisikie, hata kama huna kiu.

Hooyo yako